Msitu Ni Wenu, Shoka Ni la Kuazima

Maandiko: Yoshua 17:14-18, Kumbukumbu la Torati 20:19-20, 2 Wafalme 6:1-7

 

Jumapili ijayo, baada ya ibada ya pili, tutakuwa na mkutano wa washirika wote. Ajenda mnaijua: ile sehemu ya nyuma ya shamba la kanisa, yenye miti. Watoto wetu wa shule ya Jumapili wanasongamana kwenye kibanda cha mabati. Wengine wanasomea nje juani, na mvua ikianza kugonga mabati mwalimu hasikiki tena, anafunga kipindi kwa maombi ya haraka. Tunahitaji ukumbi. Hilo hakuna anayelipinga.

Mnunuzi wa mbao ameshakuja. Ametembea kati ya miti, ametaja bei moja ya kila kitu. Akate yote, abebe yote, sisi tubaki na uwanja mweupe na pesa mkononi. Vijana wamesema tuuze hata leo. Wazee waliopanda ile miti wamenyamaza, na wazee wakinyamaza si kwamba wamekubali. Mchungaji mkuu akaniomba nilete neno kabla hatujainua mikono kupiga kura. Na ninapoongea juu ya shamba la kanisa, wewe pia fikiria shamba lako, kwa sababu najua nyumba nyingi hapa ziko na uamuzi kama huu mezani.

1. Walilia shamba ni dogo, na msitu ulikuwa wao

Fungua Yoshua 17. Wana wa Yusufu wamekuja kwa Yoshua na malalamiko. Wanamwambia, sisi ni watu wengi, Bwana ametubariki mpaka hapa, mbona umetupa sehemu moja tu? Hii inatutosha vipi?

Ukiishi Vihiga au sehemu hizi za Kakamega unaelewa hayo malalamiko bila kufafanuliwa. Baba alikuwa na ekari tatu, vijana ni wanne, na kila kijana ana watoto. Unagawa, unagawa tena, mwisho mtu anaachiwa kipande ambacho ukipanda mahindi huna mahali pa kuanika nguo.

Sasa kumbuka jambo moja. Yoshua mwenyewe ni wa kabila la Efraimu, soma Hesabu 13:8. Yaani hawa waliokuja kulia ni watu wake. Nafikiri njiani walikuwa wakiambiana, "Si huyo ni wetu? Mtu wetu yuko juu, atatupangia." Kenya hii tunaijua hiyo hesabu. Lakini Yoshua hakuwapangia. Aliwaambia, kama kweli ninyi ni wengi, pandeni kule msituni, katika nchi ya Waperizi na Warefai, mkajifyekee nafasi. Wakaleta sababu nyingine: Wakanaani wana magari ya chuma. Yoshua akasimama palepale. Nchi ya vilima ni yenu. Ni msitu, ndiyo, lakini mtaufyeka, na utakuwa wenu mpaka mipaka yake.

Kwa hiyo, yule anayefikiri kanisa litamwambia kukata mti ni dhambi, atulie. Biblia haisemi hivyo. Mungu aliwapa watu wake nchi yenye msitu, akawaruhusu kuufyeka wapate kukaa. Kuna baba hapa ana nusu ekari imemezwa na vichaka, lantana imefunika mpaka njia, na kila mwaka anakodisha shamba la jirani kulima mahindi. Ndugu yangu, neno lako leo ni Yoshua 17. Chukua panga.

Lakini angalia Yoshua aliwaambia wafyeke kwa kusudi gani. Aliwaambia wafyeke wakae. Hakuwaambia wafyeke wauze, wale, halafu warudi tena kumlilia kwamba sehemu ni ndogo. Kuna kufyeka kunakoongeza urithi, na kuna kufyeka kunakoula. Ukitazama siku shoka linapofanya kazi, zote mbili zinafanana. Tofauti utaiona miaka mitatu baadaye.

2. Ujue mti kabla ya kuinua shoka

Kumbukumbu la Torati 20 ni sheria za vita. Jeshi limezunguka mji, siku zinaenda, watu wamechoka, kuni zinahitajika, miti ya kujengea ngome inahitajika. Katikati ya joto hilo, Mungu anasimama mbele ya miti. Anawaambia wasiiangushe ile ya matunda, kwa sababu watakula kutoka kwayo. Mti si adui mpaka muuzingire kama mji. Kisha mstari wa 20 unatoa ruhusa: ile ambayo mnajua si ya chakula, hiyo mwaweza kuikata na kujengea.

Ona hilo neno, mnajua. Mungu alitaka askari ajue mti. Hata vitani! Wewe na mimi hatuko vitani, tuna wiki nzima ya kutembea shambani, na bado mtu anapatana bei ya miti akiwa amesimama barabarani.

Basi tujue miti yetu. Mimi na kamati ya ujenzi tulitembea lile shamba Jumanne. Sehemu kubwa ni mikaratusi, ile tunaita blugamu. Mkaratusi si mti wa hapa, asili yake ni Australia. Uliletwa Kenya mwaka wa 1902 ili kuipa reli ya Uganda kuni za garimoshi. Ni mti wa kazi. Unakua haraka, unanyooka, unatoa posti, fito, kuni na mbao. Umesomesha watoto wengi katika hizi kaunti zetu, na wengine wako hapa leo wamevaa tai. Tusiutukane.

Lakini mkaratusi unakunywa maji sana. Juu kwenye kilima hiyo si shida kubwa. Shida ni ile safu iliyo chini, pale kwenye chemchemi. Akina mama wanaochota maji pale wanajua zamani mtungi ulijaa haraka kiasi gani, na sasa unangoja kiasi gani wakati wa kiangazi. Ile safu ikatwe, na haitoshi kukata. Kisiki cha mkaratusi huchipua. Ukikiacha, baada ya mwaka una vichipukizi vingi mahali palipokuwa na mti mmoja, na mizizi ileile inaendelea kunywa. Pale kwenye maji, ni jembe na kung'oa.

Na hapo, mpendwa, nikuulize pembeni kidogo. Ni kisiki gani katika maisha yako ulikikata juu, ukashuhudia mbele ya kanisa, watu wakapiga makofi, na chini mizizi uliiacha? Deni za siri. Ile namba ya simu uliyoficha kwa jina la fundi. Pombe ya "siku moja moja". Kisiki hakihitaji ushuhuda mwingine, kinahitaji jembe.

Turudi shambani. Juu ya mikaratusi, karibu na ua, kuna lusiola kadhaa zilizoota zenyewe. Mti mzuri, mbao zake fundi anazitafuta, na hausumbui mahindi sana ukipunguza matawi. Kuna mvule mmoja mchanga, na mvule hauwi mbao katika miaka kumi, unapanda ukijua atakayeupasua ni mjukuu. Na kuna ile musine kubwa. Wazee wetu wanasema kanisa hili lilianzia chini yake, kabla ya mabati, kabla ya spika, viti vikiwa ni magogo. Katika bei ya mnunuzi, ile musine imehesabiwa kama kuni.

Simwambii mtu aabudu mti. Tulitoka huko, na damu ya Yesu ilitutoa. Lakini kutoabudu mti si sababu ya kuuza bila kujua unachouza.

3. Boriti moja kila mtu

2 Wafalme 6. Wana wa manabii wanamwambia Elisha, mahali tunapokaa mbele yako pamekuwa padogo. Wanasema kama sisi! Wanapendekeza waende Yordani, na sikiliza mpango wao: kila mtu achukue huko boriti moja, wajenge mahali pa kukaa. Elisha akakubali. Mmoja akamsihi waende pamoja, naye akaenda.

Hapo kuna mambo matatu ambayo kamati yoyote ya ujenzi ingeyaandika ukutani. Waliomba ruhusa kwanza. Walijua kipimo, boriti moja kila mtu, si kila boriti iliyoko Yordani. Na walimwomba mtumishi wa Mungu aende nao mahali pa kazi, si kubariki tu mwanzo na kukata utepe mwisho.

Halafu shoka likachomoka likaanguka majini. Yule mtu alilia, na kilio chake kinatuhusu wote: lile shoka lilikuwa la kuazima. Alichopoteza kilikuwa cha mwingine. Elisha akakata kijiti, akakitupa pale, chuma kikaelea. Mungu ni mwema. Lakini usifanye muujiza kuwa mpango wako wa biashara.

Nilisoma biashara chuoni, na somo la kwanza tulilofundishwa ni kutofautisha mtaji na mapato. Maziwa ni mapato, ng'ombe ni mtaji. Ukiuza maziwa ukalipa karo, kesho unakamua tena. Ukiuza ng'ombe ukalipa karo, muhula wa pili utauza nini? Miti iko hivyohivyo. Ukichagua iliyokomaa, ukaacha midogo ikue, na kila uliyokata ukapanda mingine, hayo ni mapato. Ukifyeka kila kitu siku moja, umeuza ng'ombe.

Na broka anajua. Broka haji mwezi wa saba. Anakuja Januari, wiki ya kwanza, shule zikifunguliwa, wewe uko na barua ya mkuu wa shule mkononi. Anatoa noti, anazihesabu pole pole uzione. Tuseme una miti kumi imekomaa. Hakuulizi kila mmoja una urefu gani, anataja bei ya "hiyo yote". Umeshapoteza kabla msumeno haujawashwa. Mtu mwenye hekima anahesabu miti yake mapema, anapima unene wake kwa kamba, anaita wanunuzi watatu siku tofauti, na anaandika ni ipi inauzwa na ipi inabaki. Pia anapitia kwa chifu na ofisi ya misitu kabla ya kuangusha, kwa sababu mbao na makaa ukiyasafirisha bila kibali, lori litasimamishwa na faida yako itaishia barabarani.

Sasa, shoka ni la nani? Walawi 25:23, Mungu anasema nchi ni yake, na sisi kwake ni wageni na wapitaji. Hati inaweza kuwa na jina lako, lakini uliipokea kwa mtu na utamwachia mtu. Baba, ukiuza miti yote ya boma bila kumwambia mama wa watoto, ujue umetumia shoka la kuazima bila kumwambia mwenyewe. Na wewe kijana unayemsukuma mzee auze kigawe chake ukanunue pikipiki, lile shoka hata wewe umeliazima kwa mtoto ambaye bado hujamzaa.

4. Anayefyeka apande

Mwanzo 21:33, Abrahamu alipanda mti kule Beer-sheba, akaliitia jina la Bwana, Mungu wa milele. Wakati huo Abrahamu hakuwa na hati ya hata futi moja ya ile nchi. Shamba lake la kwanza analinunua kwenye sura ya 23, na ni la kumzikia Sara. Alipanda mti akiwa mpangaji! Alipanda kwa sababu aliamini ahadi. Kuna mtu hapa anasema, "Nitapanda siku nikinunua yangu." Abrahamu hangekuelewa.

Na wana wa Israeli, watu walewale walioambiwa wafyeke msitu, waliambiwa pia katika Walawi 19:23-25 kwamba wakiingia nchini watapanda miti ya matunda. Miaka mitatu wasile. Mwaka wa nne matunda ni ya Bwana. Mwaka wa tano ndipo wale. Ukipanda avokado ya kupandikizwa leo, itaanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu au minne, na bado mavuno ya kwanza ni kidogo. Biashara isiyolipa kesho asubuhi si biashara mbaya. Tumezoea za kubonyeza simu ukingoja ujumbe. Mungu wetu anafanya kazi pia kwa misimu.

Hapa lazima niseme jambo moja waziwazi. Katika sehemu zetu kuna imani ya zamani kwamba mwanamke hapaswi kupanda mti. Akipanda, mumewe atakufa, au yeye hatazaa. Wengine hawaisemi kwa mdomo, lakini mama akileta miche nyumbani anasubiri mwanamume aje aitie shimoni. Mimi naona mzizi wa imani hiyo ni woga wa shamba. Anayepanda mti anaonekana kama mwenye ardhi, na watu hawakutaka mama aonekane hivyo. Sasa soma Mithali 31:16. Yule mke mwema anaangalia shamba, analinunua, na kwa kazi ya mikono yake anapanda mizabibu. Mumewe hajafa! Mstari wa 23 uko palepale, mumewe ameketi langoni na wazee, anajulikana. Kwa jina la Yesu, woga huo usikae tena katika kanisa hili. Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, akafanya kazi na akina mama wa vijijini, wakapanda miti kwa mamilioni. Mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika. Mama, chukua mche wako. Ingia shambani.

Lakini si kila kupanda ni baraka. Nendeni Baringo muulize juu ya mathenge. Mti ule uliletwa miaka ya 1980 kwa nia nzuri, kuzuia jangwa na kupata kuni. Ukatambaa, ukameza malisho, ukafunga njia. Mwaka wa 2006 wakazi walienda mahakamani Nairobi, wakapeleka na mbuzi ambaye meno yake yaliharibika kwa kula maganda ya mti huo. Mmecheka, lakini mwenye mbuzi hakucheka. Nia njema bila maarifa ilizaa kesi. Kwa hivyo ukipanda, uliza: mti huu ni wa wapi, unataka maji kiasi gani, mizizi yake itaelekea wapi, jirani atauonaje?

Tena, kupanda si siku moja. Mnakumbuka tarehe 13 Novemba 2023, serikali ilitupa siku nzima ya mapumziko tupande miti. Tulienda, tukapiga picha, tukaweka kwenye simu. Sasa ile miche iko wapi? Mingine imesimama, Mungu ashukuriwe. Mingine ilikufa Januari kwa sababu hakuna aliyerudi na ndoo. Mwanzo 2:15 unasema Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Kulima kunapigwa picha. Kutunza hakuna mtu anakuona.

Na mnajua sheria yetu inasema nini? Katiba, kifungu cha 69, inaitaka serikali ihakikishe angalau asilimia 10 ya nchi ina miti. Kanuni za mwaka wa 2009 za misitu ya mashambani zinamwambia kila mkulima vivyo hivyo kwa shamba lake. Sehemu ya kumi! Watu wa kanisa hatupaswi kuambiwa mara mbili juu ya sehemu ya kumi. Hata kwenye robo ekari, mstari mmoja wa miti mpakani unaweza kukufikisha.

Basi tutaamua nini?

Kura ni yenu, lakini mtumishi asiyesema anachoamini anawapotezea muda. Mimi nitaunga mkono hivi. Tukate mikaratusi iliyo juu, pale tu ukumbi utakaposimama, na iliyokomaa. Tupate bei za wanunuzi watatu. Fito na posti za jukwaa la ujenzi tuchukue kwenye miti yetu kabla ya kuuza, tusiuze posti Jumatatu tukazinunua Ijumaa. Safu ya chemchemi ing'olewe, tupande mikuyu na mianzi. Lusiola na mvule zibaki. Ukumbi usogezwe hatua kumi upande wa barabara, ili musine ibaki imesimama. Na mbele ya kila mti unaoanguka, miche mitatu iwe imeshatengwa.

Nisiwafiche gharama. Tukifanya hivi, pesa zitakuwa pungufu sana kuliko za yule mnunuzi. Ukumbi utafika kwenye linta ungoje. Watoto watakaa kwenye kibanda mwaka mwingine, labda na zaidi, na kibanda itabidi tukiongezee mabati hata kama ni ya muda. Mzazi akisema hilo linamuuma, ana haki. Mimi pia wangu wako mle. Lakini wana wa manabii walijenga kwa boriti moja kila mtu. Tukiuza yote tutakuwa tumejenga kwa jasho la wazee walionyamaza, na sisi hatujaleta chochote. Boriti yako iko wapi? Fundi, leta siku mbili za kazi. Mwenye ng'ombe, leta samadi ya miche. Mwenye mia moja, leta mia moja.

Na ninyi baba zetu na mama zetu mliopanda ile miti, tunawashukuru. Tafadhali msinyamaze Jumapili. Tuambieni mlikuwa mmekusudia nini.

Ya kufanya wiki hii

Kwanza, tembea shamba lako na mwenzako wa ndoa, au na watoto wako kama uko peke yako. Hesabuni miti. Andikeni ipi ikatwe, ipi ibaki, na mbona.

Pili, mahali unapofyeka, usichome moto. Moto unaua rutuba iliyo juu. Panga matawi kwa mistari kukingama mteremko, yashike udongo mvua ikija.

Tatu, chimba mashimo sasa kabla ya mvua, futi mbili kwa futi mbili kwa mti wa matunda. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Ule wa juu uchanganye na samadi iliyooza, ndio urudi kwenye mizizi. Mvua ikishika vizuri, toa karatasi ya mche, panda, zungushia miiba mbuzi asifike.

Nne, kwa mkaratusi wa kilimani utakaouvuna tena, kata chini na kwa mshazari maji yasitulie kwenye kisiki. Vichipukizi vikitoka, acha kimoja au viwili vyenye nguvu.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Wana wa Yusufu hawakuuona msitu kama urithi. Ni kitu gani ambacho Mungu amekupa na wewe unakihesabu kama shida?
2. Ni uamuzi gani wa mali umewahi kufanywa nyumbani kwenu kwa haraka ya wiki moja, na umewagharimu miaka?
3. Je, kuna mila inayomzuia mtu yeyote nyumbani mwako kupanda, kumiliki au kusema? Neno la Mungu linasema nini juu yake?

Maombi

Baba, asante kwa nchi uliyotupa, hata kama ni kipande. Tusamehe mahali tuliplia na panga liko ukutani, na mahali tulipokata bila kukuuliza. Wape hekima wazazi walio na karo mlangoni, wasiuze kwa hofu. Ponya chemchemi yetu. Kumbuka mikono ya wazee waliopanda, na mikono ya akina mama walioogopeshwa. Jumapili tukikutana, tuongoze, na baada ya kura tutoke tukiwa ndugu. Katika jina la Yesu tumeomba. Amina.

Mkutano ni Jumapili, mara tu baada ya ibada ya pili. Chai itakuwepo. Miche iko nyuma ya jiko la kanisa. Ukichukua, andika jina lako kwenye daftari la mashemasi, kwa sababu Januari tutapita nyumba kwa nyumba kuiangalia.